Kisu cha Usiku wa Tatu

Holmwick, siku ya Mtakatifu Martini, mwaka 1362

Kaka yangu Hamo,

Barua hii anaileta nahodha wa meli ya sufu, yule mwenye makengeza. Usimpe bia kabla hajakukabidhi.

Sisi wazima. Paa la zizi limevuja tena mahali palepale ulipopaziba wewe. Mlangoni pa nyumba yetu ya wageni, Korongo, bado nakaa mwenyewe, maana tangu ugonjwa mkubwa umchukue mume wangu sijapata mtu wa kumwamini na ufunguo wa kabati la visu vya wageni. Juzi alikuja Mgaskoni mmoja, mfanyabiashara wa mvinyo, na kisu kirefu kama mkono wangu. Nikamwambia, "Mjomba, silaha mlangoni." Akasema, "Hiki ni cha kukatia jibini, mama." Nikamjibu, "Basi jibini nitakukatia mimi, na mkate nitakutafunia ukitaka." Ukumbi mzima ukacheka. Akakitoa akinuna, nikakitundika kwenye kulabu ya saba. Asubuhi, mguu wake mmoja ulipovuka kizingiti, nikamrudishia. Yote kama ulivyonifundisha.

Sasa kaa chini usome polepole. Mfalme anatimiza miaka hamsini na ametangaza msamaha. Waliokula kiapo cha kuihama nchi nao wamo, ikiwa ndugu wa marehemu hawana kinyongo. Karani wa mji amenisomea mwenyewe. Hamo, unaweza kurudi nyumbani.

Ndugu wa Reyner aliyebaki ni mmoja tu, mwanawe Thurstan, aliyekuwa na miaka minne baba yake alipochomwa kisu mezani kwetu. Sasa ni msuka kamba kama baba yake, ana ndevu na watoto watatu. Nilimwendea kiwandani kwake. Alinisikiliza mikono yake ikisokota katani, kisha akasema: "Dada Sabina, sitaki kitu chenu. Nataka neno moja. Nani alimpa kisu yule mtu aliyemuua baba yangu? Kaka yako alisema ni yeye, lakini marehemu mama aliniambia Hamo alikuwa zizini na farasi anayezaa, na mikono yake ilikuwa na damu ya farasi tu. Niambieni kweli, nami nitasimama mbele ya baraza niseme sina kinyongo."

Nikamwambia nitakuandikia. Nami nimekuandikia.

Mdogo wako,
Sabina


Brugge, siku tatu baada ya Krismasi

Sabina, mdogo wangu,

Nahodha amefika, na bia yake amekunywa baadaye. Barua yako nimeisoma mara nne, na mara ya nne niliiweka chini nikaenda kusimama kwenye daraja mpaka vidole vikafa ganzi. Nimekaa nje miaka thelathini na moja. Nilikuwa nimekwisha kujizoeza kutofikiria kulabu ya saba, nawe unaniandikia kulabu ya saba.

Ningependa kuona mambo matatu tu: lile paa la zizi, kizingiti kilichochimbika katikati kwa miguu ya watu, na uso wako, ambao nimeuacha una miaka kumi na tisa na sijui kuuzeesha.

Lakini mwambie Thurstan kwamba ni mimi. Nilimwambia hivyo mchunguzi wa vifo wa mfalme, nikawaambia hivyo wale wanaume kumi na wawili kwenye mlango wa kanisa, nikaapa, nikabeba msalaba wa mbao mpaka bandarini bila viatu. Sitabadilisha sasa.

Sijawahi kukuandikia hili kwa maneno haya, na nalieleza mara moja tu. Jioni ile nilipoitwa zizini nilimwachia Baba ufunguo. Niliporudi, Reyner alikuwa ameanguka kando ya moto, Jervas aliyemchoma amekwisha kimbia, na ufunguo ulikuwa unaning'inia kwenye mkanda wa Baba. Baba akanitazama. Akaushika ule ufunguo. Nilijua alichofanya, nami nikajua watamnyonga, mzee yule na kikohozi chake. Jervas alikuwa amefikia usiku wake wa tatu kwetu. Unaijua sheria tuliyokariri tukiwa wadogo: anayelala usiku wa kwanza hajulikani, wa pili ni mgeni, wa tatu ni mtu wa nyumba, na akivunja amani nyumba inajibu. Mmoja wetu alitakiwa ajibu. Nikajibu.

Mwaka uliofuata Baba aliniandikia kwa mkono wa padri, siku chache kabla hajafa: "Niambie neno moja." Sikumwambia. Nilikuwa kijana, nilikuwa na njaa, nililala juu ya magunia ya watu, na kila usiku niliuona ule ufunguo kwenye mkanda wake. Nilitaka yeye ndiye aseme neno. Kisha habari ikaja kwamba mmemzika.

Nimemsamehe zamani. Basi jina lake lisipelekwe barazani. Kama gharama ya kurudi ni hiyo, nitafia hapa, na hapa si pabaya. Kwa Lisbet, mwenye nyumba ninayoandikia majina ya wageni, supu ni nzito na moto hauzimwi. Jana alinitania: "We mzee, unalala kwangu mwaka wa kumi na tisa na bado unaomba ruhusa kuchukua kijiko!" Nikamwambia sheria ya Brugge haina usiku wa tatu. Hakuelewa.

Kaka yako,
Hamo


Holmwick, sikukuu ya Mishumaa

Kaka,

Barua imefika ikiwa imelowa pembeni, lakini maneno yote yanasomeka.

Sijamjibu Thurstan. Anapita mlangoni kila Jumamosi na kamba mpya za kisima, na kila mara anauliza, "Bado?" nami nasema, "Bahari ina barafu." Jumamosi iliyopita alisema, "Bahari haina barafu, dada. Nimetoka bandarini sasa hivi." Akaenda zake bila kukasirika. Afadhali angekasirika.

Niambie kitu kimoja. Kama ungemjibu Baba wakati ule, ungemwambia nini?

Sabina


Brugge, wiki ya pili ya Kwaresima

Sabina,

Nimekuwa kitandani na kifua. Usiwe na wasiwasi, Lisbet ananipaka mafuta ya bata na kunitukana, navyo vyote viwili vinasaidia.

Umeuliza swali ambalo nimejiuliza kila mwaka siku ya kifo chake. Ningemwandikia hivi: "Baba, ulichoka, ulikuwa unakohoa, mtu akakudanganya kwamba anaondoka, ukampa kisu chake kabla hajavuka kizingiti. Kosa la mlinda mlango yeyote. Kinachoniuma ni kwamba uliniacha nilibebe bila kunishika hata mkono." Ningeandika hivyo. Kisha ningeandika kwamba nampenda. Pengine ningeanza na hilo.

Nikiwa na homa niliota niko ukumbini kwetu na wageni wamejaa. Mabaharia wawili wanagombea kigoda cha karibu na moto, nami nasema kwa sauti ile ya Baba: "Mabwana, moto ni wa wote, matusi yawe ya nje." Wakakaa. Nilifurahi mno, Sabina, kwa sababu tu walikaa. Niliamka nikasikia Kiflandi cha hapa barabarani.

Mbona unauliza?

Hamo


Holmwick, Jumatano baada ya Pasaka

Kaka yangu,

Nimeianza barua hii mara sita. Hii ya saba naipeleka hata ikiwa mbaya.

Baba hakumpa Jervas kisu. Nilimpa mimi.

Ulipoenda zizini ulimwachia Baba ufunguo, ni kweli. Kikohozi kikambana akaenda kulala, akaniambia, "Sabina, shika huu mpaka kaka yako arudi." Nilikuwa nagawa chakula. Jervas alikaa mwisho wa meza, gizani, na Reyner tu kando yake. Wewe ulikuwa humpendi, ulisema ana viatu vya mtu asiyetembea. Mimi nilimpenda. Siku zile mbili alinisaidia kubeba maji na kuniuliza jina la kila ng'ombe. Alikuwa ameniambia labda atakaa.

Wageni wote walikuwa wanakata nyama kwa visu vyetu butu vya nyumba. Sisi tu, wewe na Baba na mimi, tulikuwa na visu vyetu wenyewe. Nikahesabu: huu ni usiku wake wa tatu. Tulikariri kwamba usiku wa tatu ni mtu wa nyumba. Nikafikiri, basi mtu wa nyumba ale kwa kisu chake. Hakuniomba, Hamo. Nilifungua kabati mwenyewe, nikakichukua kwenye kulabu ya saba, nikakifuta kwa aproni, nikakiweka kando ya sahani yake. Nilitaka aelewe kwamba anaweza kubaki. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na sikujua namna nyingine ya kulisema.

Aliona haya, akacheka. Reyner, aliyekuwa amekwisha kunywa, akasema, "Ohoo, bwana harusi amepewa meno!" Wakaanza kutaniana, kisha wakagombea kile kigoda cha karibu na moto. Mengine unayajua.

Baba aliamshwa na kelele. Aliniona nimesimama na ufunguo mkononi. Akautoa kwenye vidole vyangu, kimoja kimoja, akautundika kwenye mkanda wake, akaninong'oneza, "Wewe ulikuwa jikoni." Ndipo ulipoingia wewe. Alikuwa amejipanga kujibu yeye. Wewe ukamtangulia. Ukasema, "Nimempa mimi," na kabla hajafungua kinywa ukawa umekimbilia kanisani, wasikokamata mtu. Angesema nini baada ya hapo? Angekukanusha, wangeuliza ni nani basi, na jibu lilikuwa mimi.

Siku arobaini ulizokaa kanisani alikuja kila asubuhi akasimama upande wa pili wa ukuta. Hukujua. Neno alilokuomba kabla hajafa halikuwa msamaha wa kosa lake. Alitaka kujua tu kama u hai.

Nimeishi katika nyumba yako miaka thelathini na moja, nikiwaambia watu silaha mlangoni. Sijampa mtu kisu chake kabla hajavuka kizingiti, hata askofu. Nilidhani hiyo itatosha.

Nimekuacha umchukie Baba kwa sababu niliogopa ungenichukia mimi, na barua zako ndizo nilizobaki nazo.

Sabina


Holmwick, mkesha wa Mtakatifu Yohana

Kwa Hamo, nyumbani kwa Lisbet, Brugge

Meli tatu zimekuja bila barua yako. Nahodha mwenye makengeza anasema amekuona kwa macho yake, u mzima, na kwamba uliichukua barua ukaingia ndani bila kumwagiza bia. Sikudai jibu. Nakupa habari tu, kwa sababu ni zako.

Nilikwenda kwa Thurstan siku iliyofuata Pentekoste nikamwambia yote. Aliacha kusokota. Akauliza, "Hukujua kwamba watagombana?"

"Sikujua."

"Mama alikufa akiamini mlimpa yule mtu kisu kwa makusudi. Kwamba mlimchukia baba yangu."

Nikamwambia, "Hakuna aliyemchukia baba yako. Alikuwa akiimba vibaya tu."

Akajifuta vumbi la katani. Kisha akasema, "Hata mimi naimba vibaya," akaendelea na kamba yake, na niliona mikono yake imepoteza mwendo.

Mbele ya baraza la mji nilisema maneno yaleyale, na watu wote tunaowauzia bia wamesimama. Thurstan akasema hana kinyongo na Hamo mwana wa Aylward, wala na mimi. Msamaha wako umetiwa muhuri. Nakala nimeifunga humu. Itunze isilowe.

Mimi sijambo na nyumba haijambo. Usije kwa ajili yangu. Njoo kama unataka kuja.

Sabina


Brugge, siku ya Mtakatifu Laurenti

Sabina,

Msamaha nimeupata, haukulowa.

Sikuandika kwa sababu kila nilichoandika kilikuwa ama kikali ama cha uongo. Hata sasa nachagua maneno kama mtu anayevuka mto juu ya mawe.

Hukuniudhi kwa kile kisu. Nimekiwazia wiki nyingi, nikajiona mimi mwenye miaka ishirini na tisa, nikakariri ile sheria, na sikumbuki kama kuna aliyewahi kutueleza kwamba inasema nani atajibu tu, haisemi nani ashike kisu. Tulifundishwa maneno bila maana yake. Ningeweza kukosea vilevile kama ningempenda mtu.

Kinachoniuma ni Baba. Alisimama nyuma ya ukuta siku arobaini na mimi nilikuwa upande wa pili nikimhukumu. Aliomba neno moja nikamnyima, na wewe ulikuwa umekaa kando ya kitanda chake ukijua. Ungeweza kuniandikia mstari mmoja. Angekufa akiwa na neno langu. Hilo sijui kama nimekusamehe. Sitaki kukudanganya nikiwa mbali, nisije kukudanganya nikiwa karibu.

Nimemwambia Lisbet naondoka. Amelia, kisha ameniuliza nani atamwandikia majina, kisha amelia tena. Ameniandalia supu mbili kana kwamba mtu hunywa supu ya safari.

Nitashuka Holmwick kabla ya Mtakatifu Mikaeli. Nakuomba jambo. Usinipokee kama kaka. Nipokee kwa hesabu ya nyumba. Usiku wa kwanza nichukulie mtu usiyemjua. Wa pili, mgeni. Usiniulize kitu, nami sitakuuliza. Kama asubuhi ya tatu nitakuwa nimeondoka, utajua kwamba sikuweza, na hutakuwa na deni la kunielewa.

Nina kisu kimoja tu, kile cha kuchongea kalamu. Nitakitoa mlangoni.

Hamo


Holmwick, katika nyumba ya Korongo, usiku wa tatu
Karatasi hii apelekewe mgeni wa chumba cha juu pamoja na chakula chake

Kaka,

Nimefanya ulivyoniomba. Siku mbili nimekuwekea sahani kama kwa mtu yeyote, na jana nikakumwagia supu mkononi, nawe ukasema, "Si neno, mama," kama ungemwambia mwenye nyumba yeyote. Nilikwenda jikoni nikakaa chini.

Leo asubuhi nilisikia ngazi ikilia mapema. Nikajua unaondoka. Sikutoka. Nilisikia Thurstan akikuuliza, "Kisu chako, mzee?" nawe ukamjibu, "Kiache. Naenda makaburini tu." Umerudi mchana, magoti yako yana udongo. Sijauliza.

Kuna jambo sikukuandikia, nawe lazima umeliona, maana uliyemkuta mlangoni na ufunguo ni mtoto wa Reyner. Baraza lilisema nisishike tena ufunguo wa kabati. Wamenipa mpaka Mtakatifu Mikaeli nipate mtu mzima wa nyumba hii wa kukaa mlangoni, la sivyo wataiteremsha alama ya Korongo na nyumba ifungwe. Sina mtu wa nyumba. Thurstan alijitolea kukaa kwa muda, na hafai hata kidogo. Jana alimwomba radhi mlevi aliyemkanyaga. Kesho kutwa ni Mtakatifu Mikaeli. Sikukuambia kwa sababu nilitaka uje bila kuitwa, na ukae au uondoke kwa ajili yako mwenyewe. Hata sasa sikuombi.

Nakuandikia tu kuhusu kisu. Ni usiku wa tatu. Nilitaka nikuwekee kando ya sahani, kisha nikaogopa. Mara ya mwisho nilipompa mtu kisu usiku wa tatu niliwapoteza watu wote niliowapenda. Basi kiko kwenye kulabu ya saba. Thurstan ameambiwa akufungulie ukikitaka, leo au kesho mguu wako ukiwa kizingitini.

Sabina


(Kwenye karatasi ileile, chini)

Mdogo wangu,

Nimemwambia Baba lile neno. Nilianza na lile nililopaswa kuanza nalo. Lililobaki kati yangu na wewe litachukua muda, na tutalimalizia hapahapa.

Kisu kibaki kwenye kulabu. Ufunguo nimeupokea kwa Thurstan, naye ameshukuru mno, anasema kamba hazimtukani. Kesho waambie baraza kwamba mlangoni nimekaa mimi. Na paa la zizi lile, sikuliziba vibaya. Ninyi ndio mliohamisha mawe niliyolikandamizia.

Hamo